Sikuuona Mpira

Wekesa mwanangu,

Nisamehe nimekawia hivi kukuandikia. Uliniomba barua hii siku ile ya kumaliza shule, ukiwa bado umevaa joho, ukaniuliza kwa utani: nyanya alikuandikia ulipotoka Kitale, mimi nitaandikiwa lini? Nikasema wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo imekuwa kiangazi kizima. Si kazi iliyonizuia, ingawa ndivyo nilivyokuambia. Nilikuwa nimekukasirikia, na kila nikichukua kalamu nilisikia maneno mabaya yakitangulia, naiweka chini.

Sasa kesho asubuhi unaondoka. Begi lako liko mlangoni, wewe uko kwa kinyozi, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni, jua bado liko juu ya nyumba za jirani. Sijavua hata viatu. Mchele niliuweka motoni nikautia sukari badala ya chumvi, nikaumwaga, nikaweka mwingine. Leo nimejua kwa nini unaenda Ohio, Wekesa. Nimejua leo, na mwili wangu bado haujakubali.

Soma kwa sauti, kama nilivyokufundisha. Macho yako ni ya Kiingereza lakini masikio yako yanajua Kiswahili vizuri sana. Ukikwama, mpigie shoga yangu Mwanaidi. Yeye inaonekana hujua kila kitu kabla yangu.

Mambo ya kufua na kula na kuvaa sweta sitakuandikia. Katika nyumba hii wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha mimi kula.

Wacha nianze na leo.

Unajua leo yalikuwa yale mafunzo yetu ya kila mwaka, marefa wa ligi yetu ya vyuo ya mpira huu wa Kimarekani, kabla msimu haujaanza. Safari hii tulikaribishwa na kile chuo cha ng'ambo ya mto, Virginia, kilekile ambacho kocha wake alikuja nyumbani kukuona mara nyingi hadi Mwanaidi akawa anamtengea sahani. Asubuhi tulikimbizwa uwanjani, tukafanya mtihani wa sheria. Halafu msimamizi wetu, yule anayetupangia mechi, akasimama mbele na kuuliza lile swali ambalo huliuliza kila mwaka, wote tukisikia: nani ana mtoto, ndugu, mume, mke, mtu wake yeyote kwenye timu ya ligi hii? Asimame.

Nilikusimulia habari za mwenzetu aliyesimama mwaka jana. Binti yake alikuwa ameolewa na kocha msaidizi wa timu moja. Hakuwa amekosea lolote. Alipigiwa makofi, akashukuriwa, na hakuchezesha tena hata mechi moja ya ligi, maana matokeo yote ya ligi yanaigusa timu ya mkwewe, hata ikiwa timu hiyo haipo uwanjani. Siku hizi anachezesha watoto wadogo Jumamosi asubuhi. Nilikusimulia hayo tukila, nawe ukaacha kutafuna. Niliona. Nikadhani ni pilipili.

Basi leo swali lilipoulizwa nilibaki nimekaa. Tena nilikaa kwa uchungu, nimekunja mikono. Moyoni nilisema: wangu mimi amenikimbia mpaka Ohio, hata sababu ya kusimama hakuniachia. Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Usiku baada ya usiku kiangazi hiki nimelala na maneno hayo.

Wakati wa chai yule kocha akanijia, ana kikombe mkononi.

"Wewe ndiye mama yake Wekesa."

"Ndiye mimi," nikamjibu. "Pole kwamba hakuja kwako. Vijana wa siku hizi wanataka kukaa mbali na nyumbani."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Mbali na nyumbani? Hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akakiweka kikombe chini. Akasema ulikaa ofisini kwake, ukavaa jezi yao, ukacheka, mkapiga picha. Kila kitu kilikuwa tayari. Ukamwuliza swali moja tu: mama yangu ataendelea kuchezesha? Naye, kwa kuwa ni mtu mkweli, akakujibu hapana, si katika ligi hii, lakini ligi ziko nyingi, ataanza kwingine. Halafu ukaivua ile jezi, ukaikunja vizuri, ukamrudishia.

"Akaniambia, 'Mama yangu ndiye aliyetangulia kufika hapa,'" kocha akasema. "Nimefundisha mpira tangu sina mvi hata moja, sijakataliwa hivyo. Nikamwuliza, mama anajua? Akasema, 'Akijua ataacha yeye.'"

Nikauliza kama nafasi yako bado ipo, akatikisa kichwa: ilishachukuliwa na mtoto wa mtu mwingine. Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia nataka kuacha, aliondoe jina langu. Bwana yule ana ngozi ngumu, ameshasikia mengi, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema, "Nenda nyumbani. Leo usiniambie kitu chochote." Kwa hiyo nikaja nyumbani.

Kuja nyumbani kwenyewe ilikuwa kazi. Pale Springfield barabara zinapofungamana kama utumbo nilipitiliza njia yangu, nikazunguka, nikaipitiliza tena. Mara ya tatu nikaingia kituo cha mafuta, nikazima gari, nikampigia Mwanaidi. Nilitaka mtu wa kushtuka pamoja nami.

"Hebu kaa hapo hapo," akaniambia kwa ile sauti yake ya Tanga, "usije ukagonga watoto wa watu. Haya, sema."

Nikasema. Yeye akanyamaza. Na Mwanaidi, unamjua, hanyamazi.

"Mwanaidi, ulikuwa unajua?"

"Shoga, mtoto aliniapisha. Kanikalisha kitako palepale jikoni kwangu, kanishika mikono yote miwili. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia!"

"Ningekwambia ungeacha urefa?"

"Ningeacha leo hiyohiyo."

"Basi," akasema. "Na yeye alijua hivyo hivyo." Halafu akaanza kulia, nikabaki mimi ndiye ninayembembeleza.

Ndivyo siku yangu ilivyokuwa. Wewe uliniuliza tu kama mafunzo yalikuwa mazuri, nikasema mazuri, ukaaga ukaenda kunyolewa. Nilishindwa kukuangalia usoni. Tungeanza kuzungumza, mimi kwa Kiswahili na wewe kwa Kiingereza chako, mmoja angepandisha sauti na lile lenye maana lingepotea katikati. Ndiyo maana naandika.

Nataka nikukumbushe mambo yalivyoanza, kwa sababu ulikuwa mdogo na nadhani umejitungia hadithi ambayo mama yako alizaliwa na filimbi mdomoni.

Ulikuwa darasa la tatu. Baba yako alikuwa ameshaenda Texas kutafuta kazi, na kazi hiyo naona bado anaitafuta. Mimi nilikuwa nalala mchana na kutunza wazee Greenbelt usiku, mama mdogo kiumri ambaye hata wazee wenyewe waliniuliza kama nimetumwa na mama yangu. Jumamosi nilikupeleka kwenye uwanja ule nyuma ya shule, Landover, ukavaa helmeti kubwa kuliko kichwa chako, ukakimbia kama kobe aliyesimama. Mchezo wenyewe sikuuelewa. Kwetu mpira ni wa miguu. Huu wa kushika kwa mikono na kuangushana niliuona ni ugomvi wenye ratiba.

Siku moja mtu wa kushika mnyororo hakuja, ule mnyororo wa kupimia yadi kumi pembeni ya uwanja. Mzee Otis, aliyekuwa dereva wa basi mpaka akastaafu na ndiye mkubwa wa marefa wa watoto, akageukia wazazi: "Nani hapa ana mikono miwili na hana kelele?" Wote walikuwa na kelele isipokuwa mimi, ambaye sikujua cha kupigia kelele. Nikapewa nguzo ya mnyororo.

Mechi ilipokwisha akaniuliza kama nilifurahi. Nikamwambia ndiyo, lakini yule mtoto aliyeshangiliwa alikuwa ameshakanyaga nje kabla ya kuudaka mpira. Mzee Otis akasimama.

"Watu wote walikuwa wanatazama mpira. Wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Miguu. Niliogopa watanikanyaga."

Alicheka mpaka akashika magoti. Jumamosi iliyofuata alikuja na shati la urefa, la mistari myeusi na myeupe, la mkewe marehemu, ambaye naye aliwahi kuwa refa. Lilinifika magotini. Kanisani kina mama wakapata neno la mwaka mzima: "Mama Wekesa, umetoroka Maasai Mara? Simba watakuja kukuchukua hapa!" Mimi nikawa napita tu, pundamilia wao.

Wewe hukucheka. Wewe Ijumaa ulikaa chini sebuleni na dawa ya viatu, ukapaka viatu vyangu vyeusi mpaka vikang'aa, kwa sababu Mzee Otis alikuambia refa mwenye viatu vichafu haaminiki hata akiwa sawa. Ulishika kitabu cha sheria ukinisomea maswali kwa Kiingereza, mimi nikikaanga vitunguu na kujibu kwa Kiswahili, na wewe ukaamua kama nimepata. Kutoka watoto nikaenda shule za sekondari, kutoka sekondari vyuo vidogo vya huku na huko, mpaka wakanichukua ligi hii. Nilipopigiwa simu ile tulirukaruka kwenye kochi mpaka likavunjika mguu. Bado limeegemea tofali. Kwa hiyo ukisema mimi ndiye niliyetangulia kufika, unasahau kwamba tulikwenda wote wawili.

Mzee Otis alinifundisha mengi, lakini moja alilirudia hata akiwa hospitalini na mirija puani. Usipige filimbi mpaka uuone mpira. Siyo rundo la watu, siyo kelele, siyo yule kocha anayeruka pembeni. Mpira wenyewe, ngozi yake. "Kama hujaiona ngozi, hujaona kitu. Meza filimbi." Kwa sababu filimbi ikishalia, mpira umekufa hapo hapo. Huwezi kusema samahani endeleeni. Hata kama kuna mtoto anakimbia peke yake kwenda kufunga, anaitwa arudi.

Na unajua nilivyofanya msimu wangu wa kwanza wa ligi. Ulikuwepo jukwaani na Mwanaidi. Rundo lilianguka mbele yangu, watu kama kumi juu ya mmoja, nikaona kila kitu kimekwisha, nikapuliza. Na mpira ulikuwa umeshachomoka upande wa pili. Kulikuwa na kijana ameubeba, anakimbia, hakuna mtu mbele yake hata mmoja. Alifika mwisho kabisa akainua mikono, akageuka, akatukuta sote tumesimama. Sitasahau ile mikono ilivyoshuka.

Mkubwa wetu wa siku ile akaja akiniuliza polepole, "Filimbi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Uliuona mpira?"

"Hapana. Nilidhani."

Akaniambia, "Asante kwa kusema. Sasa rudi mstarini, mchezo unaofuata hautakungoja." Akaenda kutangaza mbele ya umati wote. Nyuma yangu mama mmoja akapiga kelele, "Rudi ulikotoka!" na mwingine akamsaidia, "Mnunulieni miwani!" Sikugeuka. Hilo nalo ni la Mzee Otis: refa hana shingo. Kwenye gari nililia mpaka Mwanaidi akanikataza kuendesha, na wewe, ambaye hata ndevu hukuwa nazo, ukasema tu, "Mama, ulisema ni yako. Wengine wangeangalia chini." Nikajiambia sitarudia tena kupuliza kitu nisichokiona.

Halafu ikaja ile siku ya Aprili.

Nilikuwa napiga pasi shati langu la urefa, kesho yake nina mechi ya mazoezi. Ukaja ukasimama mlangoni, ukasema umechagua Ohio. Chuo ambacho sikuwahi kukisikia, timu ndogo, mji wenye baridi na ng'ombe. Nikakuuliza, na hawa wa ng'ambo ya mto? Ukasema hapana. Nikauliza kwa nini, ukainua mabega.

Nikakuambia, "Unanikimbia. Kama baba yako."

Nimeandika maneno hayo hapa kwa mkono wangu ili usidhani nimeyasahau. Ulikuja ukachukua pasi mkononi mwangu, ukamalizia mkono wa pili wa shati, ukalitundika, ukaenda kulala. Ulikuwa na jibu mfukoni ambalo lingeniangusha chini palepale, na ukapiga pasi. Shati lilelile, Wekesa. Shati ambalo ulikuwa umeshalinunua kwa nafasi yako mwenyewe, na mimi nakutukana nimelishika.

Nilipuliza. Sikuuona mpira. Miezi yote hii nimekuwa nikikupita humu ndani nimenuna, nikikutengea chakula bila neno, na wewe unaniambia asante mama. Sina namna ya kukuita urudi pale ulipokuwa. Nafasi imechukuliwa. Ninachoweza ni kile kile nilichofanya siku ile: nakuambia ni yangu. Haikuwa uchovu, haikuwa kwa sababu ya baba yako. Ni yangu.

Sasa sikia upande wa pili, maana usidhani nimelainika kabisa.

Nimekasirika pia. Hukuniuliza. Katika nyumba hii kazi ya kuacha kitu kwa ajili ya mwingine ni yangu mimi. Mimi ndiye mama, hata kama watu hufikiri ni dada yako. Ulipanga maisha yangu na kocha na Mwanaidi, mkaniacha nje nikikaa kwenye kiti na kujiona nimeachwa. Ungeniambia tungepigana, ndiyo. Pengine ningeshinda mimi, pengine wewe. Lakini tungepigana tukijua tunapigania nini. Siku nyingine ukinipa kitu, niwekee mkononi nikione. Na huko uendako utapata rafiki, utapata msichana, utakuwa na wenzako kwenye timu. Usiwafanyie hivi. Mtu akishapewa kitu kikubwa bila kuambiwa, huishi kama mjinga mbele yako bila kujua, na siku akijua haoni tena zawadi, anaona tu ule ujinga wake. Mimi leo nimekaa nao tangu saa ya chai.

Nimefikiri sana kuacha. Nilipokuwa pale kituo cha mafuta nilikuwa nimeshaacha kabisa, nimebakiza kutupa filimbi dirishani. Kisha nikafikiri, nikiacha, wewe utakuwa umeenda Ohio kwa ajili ya nini? Utakuwa umetoa na mimi nimemwaga. Kwa hiyo sitaacha. Nimeipokea zawadi yako, Wekesa. Sijui jinsi ya kuipokea, lakini nimeipokea, na Jumamosi ya kwanza ya msimu nitasimama kwenye mstari wangu na viatu vinavyong'aa, ingawa nitavipaka mwenyewe na havitafikia vyako.

Lakini kuna jambo moja nimeligundua leo barabarani, na ndilo lililonishtua kuliko hata maneno ya kocha. Nilijaribu kukumbuka mechi yako. Moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuipata. Nakukumbuka na ile helmeti ya utotoni, basi. Tangu uanze kucheza sekondari Ijumaa jioni, mimi Ijumaa jioni nilikuwa shule nyingine nachezesha watoto wa wengine, kwa sababu shuleni kwako sikuruhusiwa kuchezesha. Nilipofika vyuo, Ijumaa nilikuwa njiani. Nimejua miguu ya vijana wote wa eneo hili. Najua nani hukanyaga nje, nani hushika jezi ya mwenzake akidhani sioni. Miguu yako siijui. Wageni wamekaa jukwaani wakikushangilia na Mwanaidi akipiga vigelegele mpaka akaombwa apunguze, na mimi nilisimuliwa.

Unajua kila refa humwambia msimamizi siku gani yuko wazi msimu huo. Mimi kila mwaka nimemwambia: zote. Nilijivunia neno hilo. Mwaka huu halitakuwa zote. Hilo nimeshaamua, sikuombi ruhusa, kama vile wewe hukuniomba. Atanung'unika. Nitamwambia nilikaa wakati wa swali lake, na nilikaa kwa haki, lakini Jumamosi kadhaa za mwaka huu nina mtu wangu kwenye timu, na nitasimama. Jukwaani, pamoja na wenye kelele. Sina hakika nitajua kushangilia. Nimezoea kutazama watu kama hawanihusu. Ukisikia jukwaani kimya cha ajabu, ujue ni mimi natazama miguu.

Na refa wa kule akikosea, usimpigie kelele. Unajua kwa nini. Nenda mstarini, mchezo unaofuata hautakungoja. Ukikosea wewe, sema kabla hujaulizwa. Hayo mawili nimeyalipia, yachukue bure.

Nasikia gari la rafiki yako nje, na wali unaanza kunukia kuungua. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya kiatu chako cha kuchezea, cha kulia, utaikuta ukifika. Usiku huu tutakula tu. Nitakuambia kichwa chako kimenyolewa vibaya na wewe utasema nywele zitaota. Kama nikikukumbatia muda mrefu kupita kawaida, niache.

Ukifika, nitumie vitu hivi, usisahau hata kimoja.

Ratiba ya mechi zenu, yote, za nyumbani na za ugenini, kabla msimamizi hajaanza kupanga. Usingoje mpaka umezoea. Nitumie siku ileile.

Namba ya jezi yako, ili nisikutafute kwa kubahatisha.

Sauti yako ukisoma barua hii kwa Kiswahili, kuanzia juu mpaka hapa, hata pale utakapokwama. Hasa pale utakapokwama.

Brashi yangu ya viatu. Nimeitafuta kila mahali tangu jana, na najua imo ndani ya hilo begi. Nunua yako.

Na fulana ya rangi ya timu yenu, yoyote ile, saizi ya kati, ya kuvaa jukwaani. Isiwe na mistari.

Mama yako